Kusaka masafa ya redio Tunduma: Bado kuna cha kusikiliza?

INAPOTIMU saa 2:00 usiku mjini Tunduma, mkoani Songwe, upande wa pili wa mpaka katika mji wa Nakonde, nchini Zambia, huwa ndiyo kwanza saa 1:00 usiku. Miji hiyo miwili imeshikana kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni mmoja, lakini saa zake hazilingani.

Tofauti hiyo ya saa moja huzaa jambo ambalo msikilizaji wa mpakani hulifahamu vyema. Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku ya TBC Taifa na taarifa kuu ya Shirika la Utangazaji la Zambia (ZNBC), ambayo kwa saa za Lusaka ni ya saa 1:00 usiku, huanza wakati mmoja. Mwenye redio moja hana budi kuchagua ataisikiliza nchi ipi.

Kuzungusha kitufe cha redio kutoka nchi moja hadi nyingine ndiyo asili ya mchezo ambao katika mataifa yaliyoendelea umekuwa hobi kamili yenye vyama, vifaa na vitabu vyake. Ni hobi ya kusaka masafa: kupekua mawimbi moja baada ya jingine ili kujua nani anazungumza, yuko wapi na anasema nini. Swali linaloulizwa sasa ni iwapo hobi hiyo ina maana yoyote katika zama ambazo simu ya mkononi humletea mtu redio ya Tokyo au Toronto ikiwa safi kama inayotangaza mtaa wa pili.

Jibu linategemea mtu anasaka nini, maana wasakaji wapo wa aina mbili. Wa kwanza husaka vituo vya utangazaji, hasa vya mbali. Wa pili husaka mawasiliano ya kazi, yaani marubani, meli, reli, zimamoto na polisi, kwa kutumia redio maalumu inayopita yenyewe katika masafa mengi na kusimama pale inaposikia sauti. Teknolojia ya dijitali imewaumiza wote, lakini si kwa kiasi kile kile.

Aliyeumia zaidi ni huyo wa pili. Nchini Uingereza, vikosi vya polisi vilikamilisha kuhamia mtandao wa dijitali uliosimbwa katikati ya miaka ya 2000, na redio za wasakaji zikabaki zikitoa mikoromo tu. Jijini New York, Marekani, ambako waandishi wa habari na wakazi wa kawaida walikuwa wakisikiliza redio za polisi kwa miongo mingi, polisi walianza kuyafunga masafa yao mwaka 2023. Mawasiliano yakishasimbwa hakuna antena wala ujuzi utakaosaidia.

Hata angani hali imebadilika. Kwa muda mrefu, msakaji mwenye antena ya waya na kompyuta ya kawaida aliweza kupokea picha za mawingu moja kwa moja kutoka satelaiti za hali ya hewa za Marekani, NOAA 15, 18 na 19, katika masafa ya megahezi 137. Satelaiti hizo tatu, zilizokuwa za mwisho kutoa picha kwa njia hiyo ya kizamani, zilistaafishwa kati ya Juni na Agosti 2025. Anayetaka picha za aina hiyo sasa hana budi kujifunza kupokea mawimbi ya dijitali ya satelaiti za Urusi za Meteor.

Kwa wasakaji wa vituo vya utangazaji, kilio ni cha kuondokewa. Idhaa ya Uholanzi iliachana na masafa mafupi mwaka 2012, Sauti ya Urusi ikafuata mwaka 2014 na Redio Australia mwaka 2017. Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1962, ilinyamazishwa Machi 2025 kwa amri ya serikali ya nchi yake yenyewe. Msikilizaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kuifungua asubuhi alikuta kelele tupu.

Ili kuuelewa uzito wa ukimya huo ni vyema kukumbuka kwamba eneo hili la mpaka lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo barani ambako redio ya masafa mafupi ilitengenezwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida. Mwaka 1949, wakati Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, kituo cha utangazaji cha Lusaka kilikuwa na vipindi kwa lugha za wenyeji lakini wasikilizaji wake wengi hawakuwa na redio. Mkurugenzi wa habari wa koloni hilo, Harry Franklin, alikishawishi kiwanda cha betri cha Ever Ready cha Uingereza kutengeneza redio ndogo ya betri. Gamba lake lilikuwa la alumini, la mviringo mithili ya sufuria, na kwa sababu hiyo ikaitwa "redio sufuria". Iliuzwa kwa Pauni 5, na ilisikika vijijini ambako umeme haukuwapo na hautarajiwi.

Upande wa Tanganyika, utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) iliyafanya masafa mafupi kuwa silaha. Vyama vya ukombozi vya FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini vilipewa nafasi ya kutangaza kwa wananchi wao kupitia mitambo ya Dar es Salaam. Msikilizaji wa Windhoek au Soweto aliyethubutu kuisaka sauti hiyo usiku alifanya hivyo kwa siri, redio ikiwa imepunguzwa sauti, kwani kukamatwa kulimaanisha kifungo. Kwake yeye kusaka masafa hakukuwa hobi hata kidogo.

Kilichowezesha hayo yote ni tabia ya mawimbi yenyewe. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo hukomea pale dunia inapojikunja au mlima unapozuia, kwa kawaida ndani ya kilomita mia moja hivi. Mawimbi ya masafa mafupi hupaa hadi kwenye tabaka la hewa lenye chaji ya umeme, zaidi ya kilomita mia moja juu ya ardhi, kisha hurudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Mchana hufaa masafa ya juu, kama megahezi 11 hadi 17. Usiku, tabaka hilo linapopoa, hufaa masafa ya chini, kama megahezi 5 hadi 7, na hapo ndipo hata vituo vya masafa ya kati vya nchi za mbali hujitokeza.

Kwa hiyo Lusaka, iliyo umbali wa takriban kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Tunduma, haiwezi kusikika hapa kwa FM kutoka kwenye mnara wake wenyewe, lakini husikika kwa masafa mafupi. Kwa miaka mingi ZNBC ilisikika katika kilohezi 5915, ikitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kituo cha kidini cha Voice of Hope Africa nacho kimekuwa kikitumia mitambo ya masafa mafupi iliyo karibu na jiji hilo.

Tanzania nayo ina kituo kilichopata umaarufu mbali kuliko nyumbani. Matangazo ya Zanzibar katika kilohezi 11735, kutoka mtambo wa Dole, yalikuwa kwa miaka mingi windo la wasakaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko watu waliamka usiku au waliacha shughuli zao jioni ili wasikie taarabu na habari za Kiswahili, kisha waliandika barua kueleza walichosikia, saa ngapi na kwa nguvu kiasi gani, wakiomba kadi ya uthibitisho. Wengi wao hawakuelewa hata neno moja la Kiswahili.

Tunduma ipo mahali pazuri kwa mchezo huu. Mji upo juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na vituo vya FM vya pande zote mbili za mpaka hugombea nafasi katika mkanda mmoja wa megahezi 88 hadi 108. Mtu anayepita mkanda huo taratibu hukutana na Kiswahili, Kibemba, Kiingereza na, akibahatika, Kinyamwanga, lugha ambayo mpaka wa wakoloni uliikata katikati na wazungumzaji wake wapo nchi zote mbili. Ni elimu ya bure kuhusu jirani: bei ya mahindi, foleni ya malori, mvua, siasa na misiba. Katika mji unaoishi kwa biashara ya mpakani, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili Oktoba 2019, kujua kinachozungumzwa ng'ambo kuna thamani ya fedha.

Kuna na burudani isiyo na faida yoyote, nayo isidharauliwe. Songwe ni mkoa wa Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kilichopo Ndolezi. Vimondo vidogo visivyofika ardhini huingia angani kila siku, na kila kimoja huacha mkia wa hewa yenye chaji unaoweza kuakisi mawimbi ya FM kwa sekunde moja au mbili. Anayeiacha redio yake katika masafa yasiyo na kituo, alfajiri, anaweza kusikia neno moja au kipande cha muziki kutoka mji ulio kilomita elfu moja na zaidi, kisha kimya. Dar es Salaam, ambako mkanda wa FM umejaa pomoni, mchezo huo ni mgumu.

Kifaa kilichoinusuru hobi hii, kwa kinaya, ni cha dijitali. Mnamo mwaka 2012 iligundulika kwamba kipokezi kidogo cha kutazamia televisheni kwenye kompyuta, kile cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kinaweza kugeuzwa kwa programu ya bure kuwa redio inayosikia kuanzia takriban megahezi 24 hadi zaidi ya megahezi 1,700. Redio ya kusakia iliyokuwa ikigharimu mamia ya dola ikapata mpinzani anayeuzwa kwa dola 20 hadi 40. Zaidi ya hapo, kipokezi hicho humwonesha mtumiaji mawimbi kwenye kioo cha kompyuta kama mistari inayoshuka, akaona kituo kabla ya kukisikia.

Kwa kifaa hicho mtu hupokea pia taarifa ambazo ndege hutangaza zenyewe katika megahezi 1090, zikieleza zilipo, urefu zinaporuka na mwendo wake. Tovuti kubwa za kufuatilia ndege duniani hutegemea maelfu ya wapenzi wa redio wanaozitumia taarifa hizo kutoka kwenye paa za nyumba zao. Ndege inayoruka mita 10,000 huweza kupokewa umbali wa kilomita mia tatu au nne, na kwa Tunduma hilo linajumuisha anga ya nchi kadhaa, pamoja na ndege zinazotua uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake upo mkoa wa Mbeya.

Lakini hapa ndipo msakaji anapopaswa kusimama na kuisoma sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa eneo hilo hilo. Kusikiliza matangazo yaliyokusudiwa umma hakuna tatizo. Kusikiliza redio za polisi, walinzi au idara za mpakani ni jambo jingine kabisa, na kusambaza yaliyosikika ni kosa juu ya kosa. Mawasiliano ya sauti ya marubani na waongoza ndege, ingawa hayajasimbwa, hayakukusudiwa umma pia, na anayetaka uhakika aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kununua kifaa. Ikumbukwe kwamba Tunduma ni mji wa mpakani. Mtu anayefunga antena za ajabu juu ya paa lake ataulizwa maswali, na ni afadhali awe na majibu.

Njia iliyo halali na isiyo na wasiwasi ni leseni ya redio ya ridhaa, inayotolewa na TCRA. Wenye leseni hiyo huruhusiwa kusikiliza na pia kuzungumza na wenzao duniani katika masafa yaliyotengwa. Alama za utambulisho za Tanzania huanza na 5H, za Zambia 9J na za Malawi 7Q. Wanaridhaa wa Ulaya na Marekani huzitafuta sana alama za Afrika kwa kuwa ni adimu, hivyo mtu mmoja wa Songwe mwenye redio ya kawaida anaweza kupangiwa foleni na mabara matatu.

Adui mkubwa wa msakaji wa leo hana sare. Ni taa za LED za bei nafuu, chaja za simu na vifaa vya sola vya kugeuza umeme, ambavyo hutoa kelele inayofunika masafa mafupi na ya kati. Mtu aliyekuwa akisikia vituo kumi mwaka 1995 huenda leo asisikie hata vitatu akiwa chumba kile kile, na akadhani vituo vyote vimefungwa. Dawa ni rahisi: kuzima vifaa hivyo, kutumia mawe badala ya umeme wa ukutani, na kutoa nje waya wa mita kumi hivi uliounganishwa na antena. Umeme unapokatika mtaa mzima ndipo redio husikia vizuri kuliko siku zote.

Wapo wanaosema kwamba hoja zote hizi ni za kujifariji, kwa sababu mtandao una kila kitu. Hoja yao ina nguvu siku za kawaida. Wanaotaka kusikia tu hawahitaji hata redio: Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kimekuwa na kipokezi cha masafa mafupi mtandaoni tangu mwaka 2008, ambacho mtu yeyote anaweza kukiendesha kwa simu akiwa Vwawa au Mlowo.

Tatizo ni siku zisizo za kawaida. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote na ilianza kurejea siku tano hivi baadaye, wakati ambapo ghasia zilikuwa zimeikumba miji kadhaa, Tunduma ukiwa miongoni mwake. Siku hizo simu janja ilikuwa tochi na saa. Sauti ya Amerika ilikuwa kimya. Pengo liliachiwa redio mbao, yaani uvumi wa mtaani, ambao husafiri haraka na hauna mhariri.

Ni katika nyakati kama hizo mashirika makubwa hurudi kwenye teknolojia waliyoizika. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, BBC ilirejesha masafa mafupi kwa ajili ya eneo hilo. Vita vilipozuka Sudan mwaka 2023, ilianzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu, masafa mafupi yakiwemo. Sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kihistoria: mtambo uliopo nchi nyingine hauwezi kuzimwa na mtu aliyepo nchi ya msikilizaji, na msikilizaji hahitaji kifurushi, laini wala kujulikana kwamba anasikiliza. Mawimbi yanaweza kuvurugwa kwa makusudi, lakini hilo ni ghali na linahitaji mitambo mingi.

Kasoro ni kwamba redio ya masafa mafupi haina faida kwa mtu anayeinunua siku intaneti ilipozimwa. Lazima awe anajua mapema ni kituo kipi kinasikika saa ngapi, katika masafa gani, na waya uelekee wapi. Maarifa hayo hayapatikani ila kwa kuyazoea, na anayeyazoea ni yule anayecheza na redio siku ambazo hana haja nayo. Hobi hii inayoonekana ya kipuuzi ndiyo inayofundisha hilo, na redio yenye masafa mafupi bado inauzwa kwa bei isiyozidi ya simu ya bei ya chini.

Kwa anayetaka kuanza sasa, jua lenyewe limeweka ratiba. Mzunguko wa 25 wa jua, ulioanza Desemba 2019, ulitangazwa kufikia kilele chake Oktoba 2024, na kadiri unavyoshuka, masafa ya juu ya mchana yatadhoofika na vituo vya mbali vitatafutwa zaidi katika masafa ya chini nyakati za usiku. Mvua za Songwe, zinazoanza Novemba hadi Aprili, huja na radi zinazopasua masafa hayo hayo. Kuanzia Mei, anga ikishakauka, kelele hupungua, na majira bora ya kusikiliza ni kati ya saa 1:00 na saa 5:00 usiku kwa saa za Tunduma.